Ibebe Kaban Yako Hadi Chuoni

Wewe kijana wa Garissa uliyemaliza kidato cha nne, unayepiga kaban, udi wetu wa Kisomali, mpaka vidole vikaota sugu, nisikilize. Umefungua ukurasa wa KUCCPS wa kuchagua kozi za chuo na mkono wako unaelekea kwenye ununuzi na ugavi, kwa sababu binamu yako alisomea hiyo na mwenzake akamfuata. Simamisha mkono! Ni wewe uliyechagua, au ni woga?

Sikuiti kwenye muziki kwa kuwa muziki ni raha. Nakuita kwa kuwa kuna kazi na wa kuifanya ni wachache mno. Watu wetu huimba wakinywesha ngamia: mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia, ndoo inapokewa mkono kwa mkono na kupanda kwa mdundo huohuo, na ngamia huisogelea sauti wanayoijua. Mama zetu huimba wakisukasuka maziwa. Harusini hupokezana buraanbur, mashairi ya wanawake, kwa makofi na ngoma, na anayeshindwa kujibu huonekana na ukumbi mzima. Nani ameziandika nyimbo hizo? Pale pampu inapowekwa, kisima hunyamaza, na bibi aliyejua beti zote akizikwa, amezikwa nazo. Wewe una masikio ya kuzishika. Ukajifunze na mkono wa kuziandika!

Usiniambie kwamba huku kwetu haiwezekani. Gargar ni akina mama wa Kisomali wa hapa Garissa. Ketebul Music ya Nairobi iliwarekodi, ikatoka albamu iitwayo Garissa Express, na wimbo wa nyumbani ukavuka daraja la Tana ukasikika mbali. Mama zako wametangulia, nawe unasitasita?

Unauliza utakula nini. Swali hilo ni la haki. Serikali imefungua njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, na wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 wameanza 2026. Watoto wa Wajir, Mandera na Ijara wakiichagua njia hiyo, atakayesimama mbele yao ni nani? Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha muziki, Maseno hufundisha, Kabarak hufundisha. Unaweza kusomea ualimu, ukaunganisha muziki na somo jingine. Basi soma masharti kabla hujachagua, kwa maana chuo kinaweza kudai gredi ya somo la Muziki. Kama shuleni kwako hapakuwa na mwalimu wa somo hilo, usikate tamaa: Kenya Conservatoire of Music iko Nairobi tangu 1944, kazi yake ni kufundisha. Na ikibidi uanze na shahada nyingine hapa nyumbani, ianze kwa moyo mmoja, lakini kaban isining'inie ukutani hata wiki moja!

Mji huu unajua thamani ya elimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu chetu cha hapa Garissa, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya Kenya kuja kusoma hapa. Walikuwa wamechagua, wakanyimwa kumaliza. Nawe uliyepewa uhai na nafasi, utaitupa miaka minne kwenye kozi usiyoipenda ili majirani wasiseme?

Lililo zito zaidi naliacha mwisho. Unawaogopa wazazi, na unaiogopa hukumu ya dini. Usiwaambie nyumbani kwamba umekwenda kusomea ualimu wa Kiswahili huku umejiandikisha muziki. Uongo huo utaitia doa kazi yako yote. Wapo masheikh wanaokataza ala kabisa, wapo wanaoangalia kinachoimbwa na mahali kinapoimbiwa. Nenda kwa sheikh wako, keti chini kwa adabu, mwulize. Mweleze utaimba nini, utafundisha nini, utahifadhi nini. Akikupinga, msikilize mpaka amalize, kisha uyapime maneno yake mbele ya Mola wako. Kumheshimu mzee si kumficha ukweli.

Kwa baba, anza na beti za mama yake mwenyewe. Mwombe akuimbie wimbo mmoja aliousikia malishoni akiwa mtoto. Aimbe ubeti baada ya ubeti, na pale atakapokwama, mwonyeshe pengo hilo: hiyo ndiyo kazi unayotaka kuisomea. Usingoje siku ya mwisho ya kuchagua. Mwambie leo, baada ya Isha.