Nani Atunze Jina Langu?

Mwenye duka mtaani kwetu Mpanda ana daftari la madeni. Mwaka ule mpunga ulipokauka, mama alichelewa kulipa. Mzee yule alimsikiliza, akangoja.

Siku hizi kuna daftari jingine. Kwa kanuni za mwaka 2012, benki hupeleka taarifa za wakopaji Benki Kuu. Kampuni zenye leseni kama Creditinfo, iliyozaliwa Aisilandi, huzichukua na kuwauzia ripoti wakopeshaji.

Sikatai: asiyelipa kwa makusudi ajulikane. Na maandishi yakikosewa, unaweza kupinga. Lakini mama hangekuwa na la kupinga, kweli alichelewa. Ripoti ingetaja siku, isingetaja ukame. Je, nusu ya ukweli ni haki? Mimi nasema, anayetunza jina la mtu atunze na sababu yake.