Kikomo Kabla ya Joto

Mwezi wa Machi, kaskazi ikishalegea na kusi haijaingia, chumba cha bati pale Ukunda hupita nyuzi 33 kabla ya adhuhuri. Kompyuta iliyomo haiwezi kuwa baridi kuliko chumba chenyewe. Feni haiumbi ubaridi. Husukuma hewa iliyopo, na hewa iliyopo ina chumvi ya Diani na vumbi la barabara ya Lunga Lunga. Mashine nyingi za huku zilianza maisha katika ofisi za Ulaya, zikaja kumalizia umri kwetu: kutoa kopi za vitambulisho, kujaza fomu za eCitizen, kupiga chapa barua za vijana wanaotafuta kazi hotelini.

Mashine moja ya namna hiyo, dukani kwa Ami mmoja upande wa Kona ya Musa, ilikuwa na tabia ya kuzimika katikati ya kazi. Kijana wa nduguye anayemsaidia alishikilia kuwa ni umeme. Ami, ambaye hatumii ila Linux ya Debian, akasema mashine iulizwe kwanza.

Kuiuliza ni kazi ya lm-sensors, programu iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, zama za chipu za LM75 na LM78. Amri yake ya kwanza, sensors-detect, hupita mlango hadi mlango ikipiga hodi, na kila mara humgeukia mwenye mashine: niingie, nisiingie? Palipo salama hupendekeza ndiyo. Palipo na hatari hupendekeza hapana. Adabu hiyo ilipatikana kwa gharama. Miaka ile ya mwanzo, baadhi ya ThinkPad za IBM zilipopapaswa hovyo, kumbukumbu ndogo iliyo ndani yake iliharibika na hazikuwaka tena. Habari hii hunijia ninapowasikia watu wanaotaka kuchimbua kila kilichomo nyoyoni, mwao au mwa wenzao, kwa usiku mmoja. Tumefunzwa kwamba ukibisha mara tatu usiitikiwe, unarudi. Nadhani adabu hiyo inafaa hata kwa mtu anayebisha mlango wake mwenyewe.

Basi kijana akaandika sensors, na orodha ikashuka: volti, mizunguko ya feni, nyuzi. Mstari mmoja ukasema 127.

“Ami, hii nyuzi 127, mbona haitoi moshi?”

“Haina kitu chini yake, mwanangu.”

Ndivyo ilivyo. Chipu ya mazabodi huwa na nafasi nyingi za vihisi kuliko vihisi alivyofunga mtengenezaji, na nafasi tupu husoma namba ya ajabu, aghalabu ndiyo kubwa kuliko zote. Dawa yake ni neno moja, ignore, katika faili dogo ndani ya /etc/sensors.d. Lakini kabla ya kulipuuza jambo lazima ulijue, na hapo ndipo penye kazi. Namba zenyewe hazina majina: temp1, temp2, temp3. Ni wewe wa kukaa, kuipa mashine mzigo, kutazama ni ipi inayopanda, kisha useme hii ni prosesa na ile ni mazabodi. Mtu aweza kuishi na hasira miaka mingi akiiita njaa.

Ile iliyopanda ilikuwa ya prosesa: 96, hata baada ya mzigo kuondolewa. Hapa pana jambo ambalo sijalizoea bado. Prosesa za Intel hazipimi joto kuanzia sifuri. Kihisi chake husema kitu kimoja tu: zimebaki nyuzi ngapi kufikia mwisho. Linux huchukua mwisho huo, mara nyingi 100, ikatoa, ndipo tukaletewa namba tunayoiona. Prosesa haijui ina joto gani. Inajua masafa yaliyobaki. Na kadiri inavyokuwa mbali na mwisho, ndivyo kauli yake inavyopungua uhakika. Ikikaribia, husema kweli. Nimewahi kukaa na wagonjwa wa namna hiyo, watu waliokuwa wakikisia tu maisha yao yote, kisha wiki za mwisho wakawa wanazungumza kwa vipimo. Tofauti ni kwamba sisi ile 100 yetu hatukuandikiwa mahali pa kusomeka.

Kikomo hutangulia joto, kwa mtu kama kwa mashine. Mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana kitabu kizima ndani ya mkusanyo wake, Ihya, juu ya muraqaba na muhasaba, kuichunga nafsi na kuihesabu. Wengi hukimbilia hesabu ya jioni. Yeye haanzi huko. Anaanza na kuwekeana masharti: baada ya sala ya alfajiri mtu akae na nafsi yake kama mfanyabiashara na mshirika wake, waelewane mtaji na mipaka kabla ya kufungua duka. Bila masharti ya asubuhi, hesabu ya jioni ni manung’uniko tu. Wazee wa Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, nao hawamngoji mgeni akosee ndipo wamweleze miiko. Humfunga kaniki mapema, kabla hajaingia kivulini.

Katika faili lile, sharti ni mstari mmoja: set, jina la kikomo cha kihisi, namba. Amri ya sensors -s ndiyo inayoutia nguvu, na mashine ikizimwa, kwa kawaida chipu husahau. Kila inapowaka lazima iambiwe upya. Zamani niliona huo ni upungufu wa chipu.

Kijana alifungua prosesa, akakuta pesti ya kupitishia joto imekuwa unga mkavu. Akaifuta, akapaka mpya, namba ikateremka hadi 61. Furaha ikampata. Akafungua dirisha la watch, linalosoma upya kila sekunde mbili, akaongeza na diski kwa kutumia moduli ya drivetemp, iliyoingia kwenye Linux 5.6 mwaka 2020. Maelezo ya drivetemp yenyewe yanaonya kwamba diski nyingine, ukiisoma joto, saa yake ya kulala huanza kuhesabu upya. Inayoulizwa kila mara haipumziki. Masheikh wanawajua watu wa aina hiyo: anatia udhu, anatilia shaka, anarudi bombani, jamaa wameshatoa salamu.

“Mwanangu,” Ami akasema bila kuinua macho, “kikomo tumeshaweka. Funga hilo dirisha, kuna mama anangoja kopi.”