Jirani Yetu wa Mlimani

Katika Injili ya Marko twapata habari za mtu mwenye kupooza aliyetaka kumfikia Bwana wetu Yesu Kristu, lakini mlango ulikuwa umejaa watu. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari, wakamshusha. Wale waliosongamana mlangoni hawakuwa wabaya. Walikuja kusikia neno jema. Ila hawakugeuka nyuma kutazama ni nani aliyebaki nje.

Habari hiyo yatuhusu tunapoitazama milima ya Uluguru. Mwaka 2009 waya wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Na Mkongo wa Taifa wapita Morogoro. Kijana wa mjini hufungua simu yake akajisomea, akaomba kazi, akajua bei za soko. Lakini mawimbi ya simu hayapenyi mwamba, na milima hii ina vilele vya zaidi ya meta 2,600. Wako watu mabondeni ambao hawana budi kupanda kilima kwanza ndipo wapate mtandao. Tena, hata penye mtandao, simu ya intaneti na bando lake hutaka fedha, na fedha ya mkulima huja kwa msimu.

Tusidhani kwamba hasara hiyo ni ya starehe tu. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hupelekwa kwa intaneti, na siku ya mwisho haimngoji mtu ashuke mlima. Mkulima wa mboga wa Mgeta asiyejua bei ya Dar es Salaam huuza kwa bei aitakayo mchuuzi. Na ziko nyumba ambamo simu ni ya baba peke yake. Mama, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye shina la ukoo, huomba ruhusa kuishika.

Sheria ya mwaka 2006 iliweka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara ifike hata mahali ambapo makampuni hayaoni faida. Kazi hiyo ni njema, na yatupasa kuidai iendelee. Walakini mnara haumfundishi bibi kusoma ujumbe, wala haumjazii yatima fomu yake. Hiyo ni kazi yetu.

Basi, ninyi vijana mnaosoma mjini, mwendapo likizo waulizeni jirani zenu wana haja gani. Shukeni na vyeti vyao, mwajazie fomu, mtunze siri zao. Ninyi akina baba, wapeni mama na binti simu kama mpendavyo kupewa ninyi.

Marehemu Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa mwaka 2014 kwa Siku ya Upashanaji Habari, aliiita intaneti zawadi itokayo kwa Mungu. Aliyepokea zawadi hiyo asisimame nayo mlangoni. Ageuke nyuma, aushike upande mmoja wa machela.