Maji Tuliyoyabakisha Yamekwenda Wapi?

Tunaanza na suala dogo. Jee, mtu anaweza kufanya israfu kwa kitu alichokilipia kwa pesa yake ya halali? Wengi wetu hapa Maskati tungejibu haraka kwamba maji ya bomba tunayalipa, basi tuna hiari nayo. Na sisi tulikuwa na jibu hilo, mpaka bustani ya mboga nyuma ya nyumba yetu ilipotufanya tulifikirie tena.

Tulikuwa na matuta manne ya bamia, bilingani, mchicha na nyanya, jumla yake mita 20 za mraba. Msimu wa mboga hapa Oman ni kuanzia Oktoba mpaka Aprili, na kila Oktoba tulifanya kama walivyofanya wazee wetu: tulishika jembe, tukaugeuza udongo wote, tukauchambua mpaka ukawa mweupe, hauna hata jani. Kisha tukamwagilia kwa mpira, asubuhi na jioni. Tulipofunga mita ndogo kwenye bomba la bustani, ilituonyesha lita 160 kwa siku.

Sisi tuliosoma uhandisi tunajua hesabu hii: millimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hivyo tulikuwa tunamwaga millimita 8 kila siku, nazo zilikuwa nyingi kuliko haja ya mboga. Sehemu kubwa ilichukuliwa na jua na upepo kabla mizizi haijaonja, na iliyobaki nyuma ni chumvi, ule ukoko mweupe unaoonekana juu ya udongo wa nchi kavu. Na jembe lilizidisha hasara. Kila unapoigeuza ardhi unautoa juu udongo wenye majimaji, nao unakauka kwa saa chache; na vile vinjia vilivyoachwa na minyoo na mizizi ya zamani, ambavyo maji hupitia kwenda chini, vinavunjika.

Basi tukaacha kulima. Tulitandaza makuti ya mtende yaliyokatwakatwa na majani makavu, unene wa kiganja, tukapitisha chini yake mabomba ya matone. Miche tuliipanda kwa kutoboa tundu tu. Mita ikashuka mpaka lita 90.

Shangazi yetu, aliyekulia shamba kule Pemba, alipokuja kututembelea alisimama mlangoni akauliza, "Wanangu, hii bustani au jaa?" Kwake yeye tuta lililofunikwa taka ni alama ya uvivu, na jasho ndilo linalompa mtu haki ya mavuno yake. Hakukosea kwa pale alipotoka. Pemba mvua ya masika ikinyesha magugu huota usiku kucha, na asiyelima hali. Lakini hapa mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki millimita 100. Jembe lililokuwa wema kule, hapa linapoteza maji. Tukajifunza kwamba jasho peke yake si kipimo cha wema. Lazima tuulize kazi yenyewe inamfaa nani na inamdhuru nani.

Tukamwonyesha shangazi mita, tukamweleza kwamba tunabakisha lita 70 kila siku. Kwa msimu wa siku 180 ni lita 12,600. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na hayo mliyoyabakisha yako wapi?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumeshaongeza matuta matatu, na asumini ukutani, na kipande cha majani cha kupendezesha macho. Mita, tulipokwenda kuitazama naye, ilikuwa imepanda mpaka lita 170.

Jambo hili si geni. Mwaka 1865 William Stanley Jevons, mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, alionyesha kwamba mashine za mvuke zilizotumia makaa machache kwa kazi ileile hazikupunguza makaa yanayochimbwa, bali ziliyazidisha, kwa kuwa kazi ilikuwa rahisi na kila mtu akazitaka. Hapa petu tunalo funzo la Batina. Tangu miaka ya 1970 pampu zilirahisisha kuvuta maji visimani, mashamba yakapanuka, maji yakavutwa kuliko yanavyorudishwa na mvua, na chumvi ya bahari ikaingia chini ya ardhi. Mashamba mengi ya mitende karibu na pwani yaliharibika. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alivuta chake.

Tazameni sasa aflaji. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano za Oman katika Urithi wa Dunia, nazo zinazofanya kazi nchini ni kama 3,000. Katika falaji maji ya kunywa hutangulia, mashamba hufuata, na kila mwenye shamba ana zamu yake, iliyokuwa ikipimwa kwa jua mchana na nyota usiku. Fungu linaloitwa athar ni kama nusu saa. Nusu saa yako ikiisha, maji yanakwenda kwa jirani, na jirani unamwona kwa macho. Mpaka umewekwa kwanza. Ufundi unafanyika ndani ya mpaka.

Bomba limetuondolea jirani. Atasema mtu: bahari haiishi, na haya ni maji ya bahari. Kweli, lakini kuisafisha mita moja ya ujazo kwa mitambo ya kuchuja kunataka takriban uniti 3 mpaka 4 za umeme, na maji ya chumvi kali hurudishwa baharini. Zile lita 12,600 ni kama uniti 40 au 50. Bili tunailipa sisi, lakini moshi wa umeme huo na bahari hiyo ni vya watu wengi, wakiwemo wasiozaliwa bado.

Kwa hivyo tunaona kwamba ufanisi ni elimu, na kiasi ni tabia. Elimu bila ya tabia hutufundisha kutumia zaidi kwa ustadi zaidi. Mtume wetu alikataza israfu ya maji hata kwa anayetia udhu penye mto unaopita. Mto ule haukuwa na upungufu. Katazo, kwa ufahamu wetu, linamhusu mtu mwenyewe kabla ya kuyahusu maji.

Tumeng'oa majani ya mapambo na kufunga matuta mawili. Asumini imebaki, kwa ombi la shangazi. Tumeandika juu ya bomba kwa kalamu nyeusi: lita 100. Matandazo yatatuonyesha tunaweza kulima nini ndani ya hizo.

Wabillahi tawfiq.