Nani Mwenye Haki ya Kusamehe?



Kwetu ni Munuki, Juba, jirani na Gudele. Desemba 2013 mamia ya wanaume wa Kinuer walikamatwa, wakafungiwa katika jengo la polisi huko Gudele na kupigwa risasi humo humo. Tangu hapo, kila mazungumzo ya haki yakianza, hatokosekana wa kusema: yaliyopita si ndwele. Nauliza, ndugu zangu, nani amempa ruhusa ya kusema hivyo?

Katika Suratul-Israa aya ya 33, Mwenyezi Mungu (S.W.) amempa mamlaka walii wa aliyeuawa kwa dhulma. Dini yetu inausifu sana msamaha, lakini msamaha huo ni mali ya mfiwa. Kiongozi hawezi kuugawa kwa niaba yake, sembuse mhusika mwenyewe.

Mkataba wa amani wa 2018 uliahidi mahakama mseto, tume ya ukweli na mamlaka ya fidia. Mahakama hiyo iliahidiwa tangu mkataba wa 2015, na haijasikiliza kesi hata moja. Sheria za vyombo viwili vingine zilitiwa saini mwishoni mwa 2024. Wafiwa wangoje, eti kwanza ijulikane nani alikosa.

Hebu tutazame kisa cha Bani Jadhima, mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka. Khalid bin Walid (R.A.) aliwaua baadhi yao ilhali wameshaweka silaha chini. Walikuwa wametamka kusilimu kwao kwa neno asilolikubali, na wanazuoni wameujadili sana udhuru wake. Mtume (S.A.W.) alijitenga na kitendo kile, kisha akamtuma Ali (R.A.) na mali. Ali akalipa diya na kila kilichoharibika, hadi chombo cha kunyweshea mbwa. Akauliza kama kuna aliyebaki hajalipwa. Mali iliyosalia akawaachia, kwa hasara ambazo huenda hazikujulikana.

Chombo hicho cha mbwa hunifikirisha kuliko yote. Nia ya Khalid inajadiliwa hadi leo. Fidia ya mjane haikungoja mjadala uishe.

Wala asiseme mtu kuwa hayo ni ya Waislamu peke yao. Amr bin Umayya alipowaua watu wawili wa Bani Amir bila kujua kwamba wana ahadi ya Mtume (S.A.W.), Mtume alizibeba diya zao.

Kuhesabu waliopotea na vilivyopotea hakungoji hakimu. Anatakiwa karani mwenye daftari, apite nyumba kwa nyumba, Gudele na kwetu Munuki, awaulize watu walimpoteza nani na walipoteza nini.