Tadbiri ya Mja na Hukumu ya Natija

Mwanadamu apimwe kwa nini: kwa uzuri wa tadbiri yake, au kwa natija iliyoifuata tadbiri hiyo? Suala hili, walilolishughulikia wanazuoni wa dini na wa falsafa tangu zama za kale, leo linamkabili hata kijana aliyeketi mbele ya skrini akicheza mchezo wa mbio za magari, anapolazimika kukata shauri ni katika mzunguko upi aliingize gari lake kwa mafundi ili libadilishwe tairi.

Shauri hilo si dogo. Katika michezo ya Formula 1 ya Codemasters, kama ilivyo katika mbio zenyewe, tairi laini huenda kasi lakini huchakaa upesi, na ngumu hudumu lakini ni nzito wa mwendo. Na katika mbio ndefu zisizo na mvua kanuni humtaka dereva atumie aina mbili za tairi angalau, hata asiwepo awezaye kuikwepa njia ya mafundi, ambako aghalabu mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ambako hupotea sekunde kama 20. Atanguliaye kuingia hupata wepesi wa tairi mpya kabla ya mpinzani wake, lakini hulipa wepesi huo mwishoni, tairi zake zitakapochoka kwanza.

Basi na tumchukulie mchezaji aliyeyapima yote haya kwa busara, akaingia; na punde baada ya kutoka kwake, gari jingine likagonga ukuta, gari la usalama likaletwa, wote wakapunguza mwendo, na wapinzani wakabadilisha tairi kwa hasara ndogo kuliko aliyoipata yeye. Je, amekosea? Insafu yajibu kwamba hakukosea, kwa maana ajali ile ilikuwa katika ghaibu, na mja hakukalifishwa kuijua ghaibu. Hata hivyo hasira humshawishi aanze mbio upya na kuahirisha kuingia hadi mzunguko ule wa ajali. Na hapo ndipo ubatili wa funzo lake hudhihirika, kwani magari yaanzayo upya hayalazimiki kurudia msiba ule ule, naye akiungoja huku tairi zikimwishia, huwa ameitupa tadbiri njema kwa ajili ya tukio lisilotoa ahadi ya kurejea.

Katika mbio za kweli hakuna kuanza upya. Huko Abu Dhabi, Desemba 2021, gari la usalama lilipotoka karibu na mwisho, Lewis Hamilton, aliyekuwa akiongoza, alibaki njiani na tairi zilizochakaa, kwa kuwa kuingia kungempa mpinzani nafasi yake; Max Verstappen akaingia, akapata tairi laini, akampita katika mzunguko wa mwisho na kutwaa ubingwa. Ni rahisi kwetu, tuliokwisha kuuona mwisho, kuwalaumu waliokata shauri wakiwa hawajauona.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Ihya Ulum al-Din kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula, akakataa kunyoosha mkono kwa madai ya tawakali, hakuielewa tawakali, bali ameingiwa na wazimu. Naamini kwamba fundisho hilo lina upande wa pili: kama tawakali haimwondolei mvivu lawama, vivyo hivyo natija mbaya haimtii hatiani aliyejitahidi. Sisemi kwamba natija haina maana, kwa kuwa mpango ushindwao mara kwa mara sharti uchunguzwe upya. Lakini natija ni shahidi, si kadhi, na shahidi mmoja hatoshi.

Kwa hiyo tunapotaka kumhukumu mfanyabiashara aliyefilisika, au mzazi ambaye mwanawe amepotoka, wajibu wetu wa kwanza ni kuuliza alijua nini siku alipokata shauri, na aliutumiaje ujuzi huo. Asiyeuliza hivyo humtoza mwenziwe deni la elimu ambayo Mola hakumjaalia kiumbe yeyote, na hiyo ni dhulma.