Kaunti Ikisamehe, Nani Alale Ndani?
Ukitoka Suna hadi Kendu Bay utakuta maduka ya zamani ya Wahindi: duka mbele, makao nyuma, mabati yamekula kutu. Tuseme kaunti iwasamehe wenyewe kodi ya ardhi ili wayageuze nyumba za kupangisha. Poa. Lakini hiyo ni pesa yetu, hata ya mama mboga. Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilitwaa nyumba nyingi ikaweka familia za kawaida. UNESCO ikautambua mji 2000. Leo baadhi ni hoteli. Kuta zimepona, sawa. Na waliozikalia zikivuja? Mpangaji wa zamani arudishiwe chumba kwanza, kwa bei anayoiweza. Mwenye jengo atasema hapo hakuna faida. Basi akarabati kwa pesa zake.